Mwalimu wa Kahororo: Josiah Kibira (1925–1988)



Harambee ya mwaka huu ni ya nyumba za walimu, kwa hiyo ukurasa wetu wa kumbukumbu tumempa mwalimu. Hakuzaliwa Ihangiro, na wapo watakaouliza kwa nini tumevuka hadi Kiziba kutafuta mtu. Ndugu zetu Wakatoliki nao watauliza habari za Kardinali Rugambwa, aliyesoma hapa jirani, Rubya. Tunaomba mtuvumilie. Kardinali hakosi wa kumsimulia.

Josiah Mutabuzi Kibira alizaliwa Kashenye, kando ya Ziwa Viktoria, tarehe 28 Agosti 1925. Kanisa la Kilutheri lilikuwa changa katika Buhaya. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910, wakawakuta Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma Buganda na kurudi na vitabu vyao. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani. Makundi madogo ya Wakristo yakabaki mikononi mwa walimu wenyeji, na siku hizo mwalimu na mwinjilisti mara nyingi alikuwa mtu yule yule: Jumatatu anafundisha a-e-i-o-u, Jumapili anahubiri. Kibira alikulia katika kanisa la namna hiyo.

Akawa mwalimu naye, Kahororo, shule ya Walutheri nje kidogo ya mji wa Bukoba, na baadaye akawa mkuu wake. Wazee wetu wanakumbuka mwalimu alikuwa nani wakati huo. Aliwasomea watu barua zao na aliandika majibu yake, aliamua ugomvi wa mipaka ya vibanja, na mtoto aliyemwona njiani alijificha nyuma ya migomba. Unshomile wetu tunaotaniwa nao nchi nzima ulianzia kwa watu hao.

Jambo lililomgeuza Kibira ni Uamsho. Ulitoka Gahini, Rwanda, ukaingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, na walioshikwa nao wakaitwa abalokole. Waliungama dhambi hadharani, walirudisha walichoiba, waliacha lubisi. Wengi waliwaona wakorofi, na viongozi wa kanisa walikuwa na mashaka nao. Kibira aliokoka akiwa kijana, akabaki kanisani mwake na chaki mkononi. Hilo la kubaki tunalisisitiza, maana wako waliojitenga na kuondoka.

Mwaka 1957 alikwenda Betheli, Ujerumani, kusomea theolojia. Alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake ya heshima, na sasa alirudi kuwa mwanafunzi. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, mwaka ule ule Rugambwa alipofanywa kardinali. Akaenda kusoma tena Boston, Marekani. Mwaka 1964, akiwa na miaka 39, akawa askofu wa Bukoba, akimfuata Msweden Bengt Sundkler. Ndiye Mhaya wa kwanza kukalia kiti hicho.

Swali alilolibeba maishani ni lile ambalo kila mmoja wetu analijua nyumbani kwake: ukoo na kanisa. Mhaya ana oluganda lwake na muziro wake. Ukoo ndio unaomzika, unaomlea yatima wake, unaoketi kuamua juu ya kibanja. Ukoo huo huo unaweza kumfungia mlango asiye wao. Kibira aliliandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1974, kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu. Hakutaka Wahaya waache kuwa ndugu. Alitaka undugu huo upanuke, mtu asiye wa damu yako akuhusu kama wa damu yako.

Juni 1977 Walutheri wa dunia walikutana Dar es Salaam. Mkutano ule ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, na ukamchagua Kibira kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Aliongoza hadi 1984. Mwaka uliofuata uchaguzi wake majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na watu wa ng'ambo ya mto wakakimbilia kusini. Kwa hiyo rais wa Walutheri wa dunia alikuwa pia askofu wa dayosisi iliyo vitani.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu. Kilichofuata Nshamba hatuna haja ya kukisimulia. Kila familia ina makaburi yake. Bibi aliyelea wajukuu sita, na jirani aliyemchukua mtoto wa watu akampeleka shule, walilijibu lile swali la ukoo bila kusoma kitabu.

Askofu Kibira alifariki mwaka 1988. Kahororo ilikwisha kutaifishwa pamoja na shule nyingine za dini, na hadi leo ni sekondari ya Serikali.

Kwetu mwalimu mgeni, asiye na ukoo Nshamba, hupanga chumba mbali na shule, na wengi huomba uhamisho. Mchoro wa nyumba uko ukurasa unaofuata, pamoja na nafasi ya kuandika ahadi yako.