Mwalimu Nyerere na bao: Mchezo uliomfungulia mtoto mlango wa shule

Kila tunapozungumzia watoto na simu katika vipindi vyetu, mjadala huwa mkali. Wazazi wengi husema gemu ni kupoteza muda na mchezo ni mchezo tu. Vijana wa Musoma mjini na Bunda, wale wanaomaliza jioni zao kwenye vibanda vya PlayStation, hujibu kwamba wakubwa hawaelewi kinachowapata wanapocheza. Wengine husema wamewahi kulia machozi kwa sababu ya gemu, na huchekwa wakisema hivyo.

Je, mchezo unaweza kubeba jambo zito? Unaweza kumgusa mtu moyoni, au hata kubadili maisha yake? Kwetu Mara jibu halihitaji kutafutwa mbali. Lipo Butiama, katika maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wengi tunamjua kama Baba wa Taifa. Wachache kati yetu wamewahi kutafakari nafasi ya bao katika safari yake.

MTOTO WA MTEMI

Kambarage alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi huyo. Siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana, ndiyo maana akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua.

Kuwa mtoto wa mtemi hakukumwondolea kazi. Alichunga mifugo, alimsaidia mama yake shambani na aliishi kama watoto wengine wa kijiji. Wakati huo watoto wachache sana wa Kizanaki walipelekwa shule, na mzee Burito mwenyewe hakusoma. Kijana angeweza kukua, akaoa na kuzeeka bila kushika kalamu, na hakuna ambaye angeshangaa.

Bao lilikuwepo, tena sana. Wazee waliucheza mchezo huo, kwa jina la soro, walipokutana, na watemi waliucheza walipotembeleana. Watoto walijifunza kwa kutazama, kisha kwa kuchimba vishimo vyao ardhini.

ALIYEMTAZAMA AKICHEZA

Simulizi inayofahamika katika ukoo na katika vitabu vya maisha ya Mwalimu inamtaja Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, eneo ambalo leo lipo wilaya ya Bunda. Makongoro alikuwa rafiki wa mzee Burito. Inaelezwa kwamba aliicheza soro na Kambarage, akamkuta mtoto huyo anahesabu haraka, anakumbuka na hatishiki. Ndipo akamshauri Burito ampeleke mtoto shule, kwa kuwa akili ile isiachwe ipotee.

Tusimame kidogo hapo. Makongoro hakumpa Kambarage mtihani, na hakukuwa na cheti wala alama. Alichokuwa nacho ni ubao, kete na mtoto aliyekaa upande wa pili. Mtu mzima, tena mwenye mamlaka, alikubali kucheza na mtoto kwa dhati, na katika kucheza akamwona alivyo. Angekuwa amemfukuza akachunge mbuzi, huenda asingejua kitu.

MCHEZO USIO NA BAHATI

Kwa wasikilizaji ambao hawajawahi kucheza, bao lina mashimo 32, yaani mistari minne yenye mashimo manane kila mmoja. Wachezaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akimiliki mistari miwili iliyo upande wake. Kete zote ni 64. Katika bao la Kiswahili, linalochezwa sana Pwani na Visiwani, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika hatua ya kwanza, ya namua, huziingiza kete za mkononi moja moja. Zikiisha, huanza hatua ya mtaji, ambapo watu hucheza kwa kete zilizomo ubaoni tu. Vijiji vingine vina namna zao, lakini kazi ni ileile: kula kete za mwenzako, kuzisambaza na kumwacha hana pa kwenda.

Kitu kikubwa ni kwamba bao halina bahati. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, na kila kete iko wazi mbele ya wote wawili. Mtaji mmoja unaweza kuzunguka na kuzunguka kabla ya kulala, na mchezaji hodari huwa ameshauona mwisho wake kabla hajanyanyua mkono. Kwa hiyo ukifungwa, huwezi kulaumu bahati. Umefungwa na akili ya mwenzako na kwa kosa lako mwenyewe, huku watu wanatazama. Ndiyo maana bao huuma. Ndiyo maana pia mzee anaweza kunyamaza siku nzima baada ya kufungwa na kijana.

Mtoto anayezoea hali hiyo hujifunza kushindwa bila kutukana na kushinda bila kumdhalilisha aliye mbele yake. Kambarage alijifunza hayo mbele ya watemi.

KUTOKA MWISENGE HADI IKULU

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage alikwenda kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, karibu kilomita 40 kutoka nyumbani. Alimaliza kwa miaka mitatu masomo yaliyopangwa kuchukua minne, na mwaka 1937 akaingia shule ya serikali Tabora. Alikwenda Makerere nchini Uganda, akabatizwa kwa jina la Julius mwaka 1943, akafundisha Tabora, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, kuanzia 1949 hadi 1952. Aliporudi alifundisha Pugu. Julai 7, 1954 chama cha TANU kikaundwa naye akiwa kiongozi wake, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Hatusemi kwamba bao ndilo lililoleta uhuru. Kulinganisha kila uamuzi wa Mwalimu na mtaji wa bao ni kutia chumvi. Tunachosema ni kidogo zaidi, na tunadhani kina uzito: njia ile ya kwenda Mwisenge ilisaidiwa kufunguliwa na mchezo, na na mtu mzima aliyeuchukulia mchezo kuwa jambo la maana.

KUCHEZA NA KUFANYA KAZI

Kuna upande mwingine ambao hatupaswi kuuruka. Mwalimu huyohuyo aliyelipenda bao hakuwa mpole kwa wavivu. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakemea wanaume wa vijijini waliopoteza nguvu zao katika porojo, ngoma na ulevi, wakati wanawake walifanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1983 serikali yake ilipitisha sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliohesabiwa kuwa wazururaji mijini wakakamatwa na kuamriwa kurudi vijijini.

Kwa hiyo wazazi wanaolalamikia gemu wana hoja, na wangempata Mwalimu upande wao kwa sehemu. Mchezo unaokula saa za shamba, za masomo na za usingizi ni hasara. Mchezo unaochezewa fedha kwa matumaini ya kubahatisha ni kamari, na kamari ni jambo jingine kabisa. Lakini kukemea uvivu si sawa na kuudharau mchezo, na maisha ya Mwalimu yanaonyesha tofauti hiyo.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Kiswahili chetu hutumia neno mchezo kwa bao na kwa mpira, na vilevile kwa maigizo ya jukwaani na redioni. Mwalimu aliuchukulia mchezo wa jukwaani kwa uzito uleule. Akiwa na nchi changa mikononi, alipata nafasi ya kutafsiri kazi mbili za Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Ya kwanza inahusu kiongozi anayeuawa na watu wa karibu naye, ya pili inahusu fedha, deni na huruma. Kiongozi wa nchi masikini hakuona aibu kutumia usiku wake kwa michezo, kwa sababu alijua watu hujifunza kuhusu madaraka na usaliti wanapomtazama mtu mwingine akiyapitia.

Gemu nzuri ya leo imeunganisha maana zote mbili za neno hilo. Ina kanuni kama bao na ina hadithi kama igizo, ila tofauti yake ni kwamba anayeamua ni wewe. Mfano wa jirani ni Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu hadi akamnunulia kompyuta. Kijana huyo alijifunza mwenyewe na kutunga gemu aliyoiita Salaam, ambayo mchezaji anakuwa mkimbizi anayekimbia vita na kutafuta maji na chakula. Huko Marekani, wazazi waliokuwa wakimuuguza mtoto wao mdogo mwenye saratani walitengeneza gemu kuhusu safari hiyo, That Dragon, Cancer, iliyotoka mwaka 2016 baada ya mtoto kufariki. Ndani yake hakuna namna ya kushinda ugonjwa. Mchezaji anabaki na wazazi hao, basi. Aliyelia kwa gemu kama hiyo hakupaswa kuchekwa.

MZEE WA BUTIAMA

Novemba 1985 Mwalimu alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi, akarudi Butiama. Alilima, alisoma, aliandika na alipokea wageni. Alicheza pia bao na watu wa kijijini kwake. Ubaoni hakuna rais wala mkulima. Kila mmoja ana mashimo yake 16, na aliyefanya hesabu vibaya hufungwa. Kwa mtu aliyesikilizwa na dunia nzima, kukaa mahali ambapo jirani yake aliruhusiwa kumshinda waziwazi hakikuwa kitu kidogo.

Mwalimu alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama.

Wazazi tunaowafikia kupitia matangazo yetu wanaweza kuchukua jambo moja kutoka kwa Mtemi Makongoro. Kabla ya kumnyang'anya mtoto simu, kaa naye robo saa. Mwambie akuonyeshe anachocheza, akufundishe kanuni, na ukubali kufungwa. Ukiona ni kamari au ni upuuzi, utaweza kumkataza ukiwa na sababu. Ukiona anapanga, anavumilia, anahuzunika kwa ajili ya mtu wa kwenye hadithi, basi umemjua mwanao kidogo zaidi, na huenda ukajua pia umpeleke shule gani.