Terry Fox

Terrance Stanley Fox (Winnipeg, Manitoba, 28 Julai 1958 – New Westminster, British Columbia, 28 Juni 1981), anayejulikana zaidi kama Terry Fox, alikuwa mwanariadha wa Kanada. Baada ya kukatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani ya mfupa, mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kutoka mashariki kwenda magharibi akitumia mguu wa bandia, ili kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Mara nyingine husemwa kwamba alivuka Kanada yote. Sivyo: alikimbia siku 143, jumla ya kilomita 5,373, ndipo ugonjwa ukamsimamisha.

Maisha ya awali

Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Rolland na Betty Fox. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1966 familia ilihamia British Columbia, na miaka miwili baadaye ikaweka makazi Port Coquitlam. Shuleni Terry alipenda sana mpira wa kikapu, ingawa alikuwa mfupi na hakuonyesha kipaji cha pekee. Mwalimu wake wa michezo alimshauri ajaribu mbio za nyika. Alikubali kwa kumheshimu mwalimu tu. Kikapu hakukiacha. Alifanya mazoezi na rafiki yake Doug Alward mpaka akapata namba katika timu, na katika mwaka wa mwisho wa sekondari wawili hao waligawana tuzo ya mwanamichezo bora wa shule. Kisha alijiunga na Chuo Kikuu cha Simon Fraser, akikusudia kuwa mwalimu wa michezo.

Ugonjwa

Novemba 1976 alipata ajali ya gari, akaumia kidogo goti la kulia. Maumivu yalirudi, na Machi 1977 madaktari waligundua saratani ya mfupa. Mwenyewe aliamini kwamba ajali ilidhoofisha goti, lakini madaktari wake hawakuona uhusiano. Mguu ulikatwa juu ya goti. Aliambiwa kwamba nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 50, na kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo ingekuwa asilimia 15. Tofauti hiyo ilitokana na utafiti, na ndiyo iliyomfanya achague kuchangia utafiti hasa.

Usiku wa kuamkia upasuaji kocha wake wa zamani alimpelekea makala kuhusu Dick Traum, mtu wa kwanza aliyekatwa mguu kumaliza marathoni ya New York. Wazo likabaki. Wakati wa matibabu ya dawa kali, yaliyochukua miezi 16, aliona vijana wenzake wodini wakiteseka na kufa. Katika kipindi hicho pia alicheza kikapu cha viti vya magurudumu, kwa mwaliko wa Rick Hansen.

Mazoezi yake ya kukimbia yalichukua zaidi ya mwaka. Aliiambia familia kwamba anajiandaa kwa marathoni ya Vancouver, akificha mpango wenyewe. Mwaka 1979 alishiriki mbio huko Prince George, akawa wa mwisho, dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia, lakini alimaliza. Ndipo alipofichua nia yake. Mama yake alimpinga mwanzoni. Oktoba mwaka huohuo aliiandikia Jumuiya ya Saratani ya Kanada kuomba msaada.

Marathoni ya Matumaini

Tarehe 12 Aprili 1980 alichovya mguu wake wa bandia katika Bahari ya Atlantiki, St. John's, Newfoundland, akajaza maji ya bahari katika chupa mbili. Moja alitaka kuimwaga katika Pasifiki atakapofika. Alward aliendesha gari walimolala na kupikia. Terry alilenga kukimbia karibu kilomita 42 kila siku, yaani umbali wa marathoni nzima. Kwa kila hatua ya mguu wa bandia aliruka mara mbili kwa mguu mzima. Kisiki kilitoka malengelenge na damu, naye alikataa kupimwa na madaktari njiani.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mahali pengi hawakuwa na habari naye, ila mji mdogo wa Port aux Basques, wenye wakazi 10,000 hivi, ulimchangia zaidi ya dola 10,000. Yeye na Alward waligombana mpaka wakawa hawasemezani, ikabidi wazazi wasafiri kuja kuwapatanisha, na mdogo wake Darrell akajiunga nao. Huko Quebec, ambako wengi husema Kifaransa, madereva wengine walimsukumia nje ya barabara.

Hali ilibadilika alipofika Ontario. Isadore Sharp, mwanzilishi wa hoteli za Four Seasons ambaye alikuwa amempoteza mwanawe kwa saratani, aliahidi dola 2 kwa kila maili na kuzihimiza kampuni nyingine 999 zifanye vivyo hivyo. Ottawa Terry alipokewa na Waziri Mkuu Pierre Trudeau. Toronto, tarehe 11 Julai, watu 10,000 walikusanyika kumlaki. Lengo lake sasa lilikuwa dola moja kwa kila Mkanada.

Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, alishikwa na kikohozi na maumivu ya kifua. Aliendelea kidogo kwa sababu watu walikuwa wamejipanga barabarani, kisha akamwomba Alward ampeleke hospitali. Saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Wengine walijitolea kummalizia safari. Alikataa, akitumaini kuimaliza mwenyewe.

Kifo na kumbukumbu

Siku chache baadaye kipindi cha televisheni kilichangisha dola milioni 10.5, na kufikia Februari 1981 lengo lilitimia: zaidi ya dola milioni 24. Alitunukiwa Nishani ya Kanada, akiwa kijana kuliko wote waliowahi kupewa daraja lake la juu. Alifariki mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23, akazikwa Port Coquitlam.

Mbio za kwanza za Terry Fox zilifanyika Septemba 1981 zikiwa na washiriki 300,000. Hazina mshindi wala kiingilio cha lazima. Tangu hapo mbio hizo, zinazofanyika pia nje ya Kanada, zimekusanya zaidi ya dola milioni 800. Mwaka 1982 posta ya Kanada ilimtolea stempu, ikivunja desturi yake ya kusubiri miaka kumi baada ya kifo. Mama yake, aliyempinga mwanzoni, alitembelea shule kwa miaka mingi kuzihimiza mbio hizo, na mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa waliobeba bendera katika ufunguzi wa Olimpiki ya Vancouver. Alifariki mwaka 2011.