Abebe Bikila: Bingwa wa marathoni aliyeshinda tena kwenye theluji

Huku kwetu Mafia theluji tunaiona kwenye picha tu. Lakini yupo mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kushinda mbio ndefu za theluji nchini Norway, tena wakati huo hakuweza hata kusimama. Leo tunakuletea maisha yake.

Abebe Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato nchini Ethiopia. Alipokuwa kijana alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko kocha Onni Niskanen kutoka Sweden alimwandaa kwa marathoni, mbio za kilomita 42 na mita 195. Kwa kipimo cha kwetu, ni kama kutoka Kilindoni kuelekea Rasi Mkumbi hadi ukaribie mwisho wa kisiwa, kwa miguu, bila kupumzika.

Septemba 10, 1960, kwenye Olimpiki ya Roma, Bikila alikimbia pekupeku. Giza liliingia, askari wakamulika njia kwa mienge. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi mpya ya dunia. Ushindi huo ulikuwa mzito kwa Waethiopia, kwa sababu Italia ndiyo iliyoivamia nchi yao mwaka 1935.

Mwaka 1964 alishinda tena mjini Tokyo, safari hii akiwa na viatu, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mwaka 1968 kule Mexico, maumivu yalimlazimisha kuacha njiani. Ndiyo marathoni ileile ambayo Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari aliimaliza akiwa na bendeji mguuni.

Machi 1969 gari alilokuwa akiendesha Bikila lilipata ajali, akapooza. Matibabu ya Stoke Mandeville, Uingereza, yalimrudishia nguvu za mikono. Miguu haikurudi.

Angeweza kukaa ndani na kuhesabu medali zake. Badala yake alijifunza kulenga shabaha kwa upinde, akaingia kwenye mashindano ya watu wenye ulemavu.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaenda Norway. Huko watu huvuka nyika za theluji wakiwa wamevaa mbao nyembamba miguuni, au wakiwa wamekaa kwenye sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachovutwa na mbwa. Bikila alikaa kwenye sleji, akashindana katika njia ya kilomita 25. Ukienda Utende na kurudi Kilindoni, umekaribia mwendo huo. Mkimbiaji aliyezaliwa kijijini Ethiopia akafika wa kwanza.

Alifariki Oktoba 25, 1973, akiwa na miaka 41, kutokana na madhara ya ajali ile. Maelfu ya watu walimzika Addis Ababa.

Msikilizaji wetu, katika vijiji vyetu bado wapo wenye ulemavu wanaofungiwa ndani, watoto kwa wakubwa. Familia huona aibu, au hudhani safari yao imekwisha. Bikila alipoteza miguu iliyompa jina duniani, na bado alishinda mbio nyingine, kwa sababu alipewa nafasi ya kushindana. Kama nyumbani kwako yupo mmoja wao, mtoe nje. Mwulize anataka kujaribu nini.