Emin Pasha: Mkusanya Mifupa Aliyekosa Kaburi



Tupo mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu wetu. Kwenye mafundisho tulikariri matendo saba ya huruma ya kimwili: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika wasio na nguo, na mengine, mpaka la mwisho, kuzika wafu. Hilo la mwisho vijana wengi tunaliona ni kazi ya wazee wa jumuiya. Sisi tunabeba viti na kuimba kwaya, basi.

Leo naomba niwasimulie maisha ya mtu mmoja ambaye si mtakatifu, wala hakuwa Mkatoliki. Ila alipita hapa kwetu Tabora, na mimi kila nikifika kwenye tendo hilo la saba huwa namkumbuka yeye. Ni Emin Pasha.

Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, ambao siku hizi upo Poland, kwenye familia ya Kiyahudi. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, mama akaolewa na Mkristo, na watoto wakabatizwa Kilutheri. Akasoma udaktari, akamaliza mwaka 1864. Lakini akakwama kupata kibali cha kutibu watu nchini kwake. Basi akaondoka. Akaenda kufanya kazi ya udaktari katika nchi za Waturuki, akajifunza Kituruki na Kiarabu, akajiita Mehemet Emin. Mwishoni mwa mwaka 1875 akatokea Khartoum, Sudan.

Huko Gavana Gordon alimchukua kuwa daktari wake, na mwaka 1878 Emin akawa gavana wa jimbo la Ekwatoria, lile eneo la Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda ya leo. Fikiria kidogo: daktari aliyekosa kazi kwao anakuwa mtawala wa nchi nzima!

Mtawala huyu alikuwa na jambo moja alilolipenda kuliko madaraka, nalo ni kukusanya viumbe. Alikuwa na macho mabovu mno, kitabu anakisogeza mpaka karibu na pua. Hata hivyo alikuwa anachuna ndege, anakausha ngozi, anaandika kila kimoja kimepatikana wapi na siku gani. Masanduku yake yalikwenda Vienna, Bremen, London na Berlin. Mpaka leo viko viumbe vinavyobeba jina lake: yuko shorewanda wa Emin, na hata aina mojawapo ya panyabuku, jina lake la kisayansi ni Cricetomys emini.

Sasa hapo mimi simlaumu kabisa. Kumtazama ndege mpaka ukajua kila unyoya wake ni namna ya kumheshimu Aliyemuumba. Wengi wetu tumekulia kwenye miombo na hatujui hata majina ya miti inayotupa asali.

Shida inaanza na sanduku lingine. Emin hakuishia kwenye ndege na panya. Alikusanya pia mifupa ya watu. Mwaka 1888, kule London, mtaalamu wa makumbusho aitwaye William Flower alieleza mbele ya wanasayansi wenzake mifupa ya watu wawili wa jamii ya Waaka, wale tuliozoea kuwaita Mbilikimo. Ilitoka nchi ya Wamangbetu, kaskazini mashariki mwa Kongo, na aliyeipeleka ni Emin. Ilipimwa mfupa mmoja mmoja, maana watu wa Ulaya walikuwa na shauku ya kuwajua watu hao wafupi. Vipimo vimehifadhiwa vizuri. Majina yao hao wawili hayakuhifadhiwa.

Tusidhani jambo hili lilianza na Emin. Zamani wafalme na matajiri wa Ulaya walikuwa na vyumba vya maajabu: mamba aliyekaushwa, kombe za baharini, ndama wa vichwa viwili, mtoto aliyezaliwa na kasoro akiwa ndani ya chupa ya spiriti. Tsar Peter wa Urusi alianzisha makumbusho ya namna hiyo mwaka 1714 katika mji wa Saint Petersburg, na watu walikwenda kushangaa. Karne ya 19 vyumba hivyo viligeuka kuwa makumbusho ya sayansi, na wengine wakaanza kupima mafuvu ili waonyeshe eti watu wa taifa hili wana akili kuliko wa taifa lile. Mtu akawekwa rafu moja na ndege. Mwenye kuweka alikuwa na elimu kubwa na pengine alikwenda ibada kila Jumapili.

Turudi kwa Emin. Vita ya Mahdi nchini Sudan ilimfungia njia, Gordon akauawa Khartoum Januari 1885, na Emin akabaki peke yake huku ndani. Ndipo Stanley akatumwa kumwokoa. Wakaja pwani kwa njia ya misafara, na kuanzia kusini mwa Ziwa Viktoria waliandamana na Padre August Schynse wa Wamisionari wa Afrika. Padre huyu alikuwa amehudumu Kipalapala, hapohapo kwetu, kabla misheni ile haijalazimika kufungwa mwaka 1889. Wakafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huohuo kwenye karamu, Emin, kwa macho yake yale, alidhani dirisha ni mlango wa baraza. Akaanguka toka ghorofani, akapasuka fuvu. Alilazwa wiki nyingi, akapona.

Mwaka 1890 akaajiriwa na Wajerumani, akarudi bara na msafara wake. Katikati ya mwaka huo aliingia Tabora na kupandisha bendera ya Kijerumani. Novemba akaanzisha kituo cha Bukoba. Mwaka uliofuata akaingia misitu ya Kongo, na ndui ikaushambulia msafara. Desemba 1891 akamwamuru msaidizi wake, Stuhlmann, aondoke na wazima, yeye akabaki na wagonjwa. Hapa, jamani, lazima tumpe haki yake. Daktari karibu kipofu, amekaa na wagonjwa wa ndui porini wakati angeweza kuondoka. Hilo nalo ni tendo la huruma.

Tarehe 23 Oktoba 1892, mahali paitwapo Kinena, watu waliotumwa na mtawala mmoja aliyeitwa Kibonge walimkamata wakamkata kichwa, nacho kikapelekwa kwa bwana wao kuwa ushahidi. Mtu aliyekuwa akifunga mifupa ya wengine masandukuni, naye kichwa chake kikasafirishwa mzigo. Binti yake, Ferida, hakupata kaburi la kuliendea.

Simwambii mtu kwamba Mungu alimlipiza. Mungu wetu hafanyi mahesabu ya namna hiyo. Nasema tu kwamba tunamhurumia Emin kwa kukosa kaburi, na huruma hiyohiyo walistahili wale wawili wa Wamangbetu.

Tena si mbali na hapa tuna mfano wa upande wa pili. Nendeni Kwihara, kwenye tembe la Livingstone. Dokta huyo alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo. Akina Susi na Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba. Walipofika Kwihara Oktoba mwaka huo, Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wamzike hapo yaishe. Wakakataa. Wakaendelea kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakaufikisha kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu Februari 1874, ili apelekwe akazikwe kwao. Njia ni ileile ya misafara, mzigo ni uleule, mwili wa binadamu. Ila hawa walibeba mtu. Walijua jina lake, na walijua ana watu wake wanaomsubiri.

Kwetu bado wapo wanaosubiri. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni; 202 yalionekana yametoka Tanzania.

Ndugu kijana, usiseme hayo ni ya Wazungu wa zamani. Ajali ya bodaboda ikitokea barabarani, mkono wa kwanza unaofika hubeba nini? Simu. Maiti haijafunikwa hata kanga, tayari picha iko kwenye magrupu, na mama mzazi anaikuta huko kabla hajapigiwa simu. Hicho nacho ni chumba cha maajabu, tofauti ni kwamba tunatembea nacho mfukoni. Na huku kwetu kanda ya magharibi tunajua lililo baya zaidi: ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, kana kwamba ni bidhaa. Ukimwita mwenzako kwa jina la dhihaka, hata kwa utani, umeshaanza kuteremka njia hiyo.

Kitabu cha Tobiti kinatueleza juu ya mzee aliyeacha chakula chake mezani akaenda kumchukua maiti aliyetupwa sokoni, akamzika jua lilipozama, majirani wakimcheka. Na Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu halipigwi picha ya kuchekesha watu.

Basi Novemba hii tufanye hivi. Ikitokea ajali, wa kwanza kufika avue kitenge au koti afunike. Picha ikikufikia, ifute, usiirushe. Jumuiya ikiita kuchimba kaburi, vijana tuwe wa kwanza kushika jembe. Na kwenye rozari ya marehemu tuongeze nia moja kwa wote ambao mifupa yao iko kwenye masanduku na rafu za mbali, na kwa Eduard, daktari wa Oppeln, naye pia.

Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.