CHARLES DARWIN: MIAKA 44 NA MINYOO YA UDONGO



Siku ya salongo, jembe likikata mnyoo wa udongo katikati, wengi wetu hucheka na wengine hutema mate. Nani anajali mnyoo? Mvuvi anamchukua kuwa chambo cha samaki, basi, mambo yamekwisha. Lakini kulikuwa mtu mmoja mwenye jina kubwa duniani aliyemjali mnyoo tangu ujana wake hadi karibu na kufa. Mtu huyo ni Charles Darwin. Wengi wanamjua tu kwa sababu ya mabishano juu ya asili ya viumbe. Leo tuyaache mabishano hayo kando, tufuate njia yake nyingine, ile iliyopita chini ya majani.

Utoto na masomo

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikufa mwaka 1817, mtoto akiwa na miaka 8 tu. Mwaka 1825 baba alimtuma Edinburgh asomee udaktari, lakini kijana hakuweza kuvumilia kuona wagonjwa wakipasuliwa, sababu wakati ule dawa ya usingizi haikuwapo bado. Akaacha. Mwaka 1828 akaingia Cambridge ili awe mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Kumbe hata pale saa zake nyingi zilikwisha kwa kutafuta wadudu.

Tarehe 27 Desemba 1831 akapanda merikebu iliyoitwa Beagle. Alizunguka dunia karibu miaka 5, akarudi kwao tarehe 2 Oktoba 1836.

Malisho ya mjomba

Mwaka 1837 alikwenda kumsalimia mjomba wake, Josiah Wedgwood, kijijini Maer. Mjomba akampeleka kwenye malisho ya ng'ombe. Miaka kadhaa mbele ya siku ile, watu walikuwa wamemwaga chokaa na mabaki ya makaa ya mawe juu ya majani. Sasa hakuna kilichoonekana. Walipochimba, wakavikuta vyote chini, santimeta kadhaa, vimelala katika mstari mmoja. Nani amevizika? Mjomba aliwaza kwamba ni minyoo. Mnyoo anakula udongo chini, anapanda usiku, anauacha juu kama kilundo kidogo cha mavi. Kilundo juu ya kilundo, mwaka baada ya mwaka, na vitu vilivyokuwa juu vinajikuta chini.

Wazo hilo lilimshika Darwin. Tarehe 1 Novemba 1837 lilisomwa mbele ya Chama cha Jiolojia cha London. Alikuwa na miaka 28.

Kungoja miaka 29

Mwaka 1839 alimwoa Emma, binti wa mjomba huyo, na mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Down, katika Kent. Alikaa pale miaka 40. Afya yake ilikuwa mbaya: kutapika, kuchoka, siku nyingi kitandani. Mungu aliwapa watoto 10, lakini 3 walikufa wangali wadogo. Annie alikufa mwaka 1851, akiwa na miaka 10, na huzuni ile haikumwacha baba.

Mwezi wa Desemba 1842 Darwin alitawanya vipande vya chokaa juu ya malisho karibu na nyumba yake. Kiisha akangoja. Wasomaji, angalieni kungoja huko! Watoto walizaliwa, wengine walizikwa, kitabu chake juu ya asili ya viumbe kikatoka mwaka 1859 na kuleta kelele duniani kote. Chokaa ilikuwa inashuka tu. Mwaka 1869 Bwana mmoja jina lake Fish aliandika katika gazeti la watunza bustani kwamba haiwezekani: mnyoo ni mdogo sana, nguvu hana, kazi kubwa namna ile si yake. Darwin hakumtukana. Mwaka 1871 aliagiza mtaro uchimbwe katika malisho yale. Chokaa ilionekana kwenye kina cha santimeta 18 hivi, yaani karibu nusu santimeta au zaidi kidogo kila mwaka. Jibu lilikuwa katika mtaro.

Minyoo juu ya piano

Alipokuwa mzee aliweka minyoo ndani ya vyungu vya udongo katika chumba chake cha kazi. Alitaka kujua kama wanasikia. Mwana wake Francis aliwapigia basuni, wengine filimbi na piano: minyoo hawakushtuka hata kidogo. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe, noti moja tu ikapigwa, wakakimbilia mashimoni. Basi, sauti hawaisikii, lakini mtikisiko wanausikia kwa mwili wote. Macho hawana, lakini mwanga wanaujua.

Aliangalia pia namna wanavyovuta majani ili kuziba mlango wa shimo. Alihesabu majani makavu 227 yaliyovutwa: 181 yalivutwa kwa ncha, 20 kwa kikonyo, 26 kwa katikati. Mnyoo havuti ovyo ovyo, anashika upande unaopita vizuri zaidi mlangoni.

Wanakaa wapi?

Hapa ndipo ninataka tukawie kidogo. Darwin hakuuliza tu mnyoo anafanya nini, aliuliza pia kwa nini yupo hapa na pale hayupo. Katika malisho yenye majani mafupi na unyevu, vilundo vilijaa. Katika msitu wa miti ile Wafaransa huiita hêtre, alitafuta mahali papana asione karibu hata kilundo kimoja. Lakini akifika kwenye uwazi wenye majani ndani ya msitu uleule, vilundo vikaonekana tena. Katika nyika kavu za mchanga zenye vichaka vya bruyère (jamaa zake huota juu kwenye milima yetu ya Ruwenzori) minyoo walikuwa haba sana. Lakini pale njia ya miguu ilipokata nyika hiyo na majani mafupi yakaota njiani, walikuwapo. Na katika njia hiyohiyo, kwenye mteremko walikuwa wachache, kwenye tambarare ambapo mvua ilileta udongo laini, walikuwa wengi. Juu ya milima yenye mwamba karibu walikuwa wachache, labda sababu hawawezi kuchimba chini kukimbia baridi.

Kwa hiyo hatua chache tu zinabadilisha kabila zima la wanyama wa chini. Mnyoo anapumua kwa ngozi, bila unyevu anakufa. Anakula majani yaliyoanza kuoza, basi aina ya jani ni chakula chake au njaa yake.

Miaka ileile, katika Denmark, mtu wa misitu P. E. Müller aliona jambo linalofanana. Kuna misitu ambamo udongo ni laini, majani yamechanganyika na ardhi, na minyoo ni wengi. Kuna mingine ambamo majani yanalundikana juu kama mkeka mzito wenye asidi, na minyoo karibu hawapo. Katika mkeka huo kazi inafanywa na uyoga pamoja na wadudu wadogo kabisa, kama utitiri na kolembola. Mimea inachagua wanyama wake, na wanyama nao wanageuza udongo ambao mimea itaota ndani yake.

Kitabu cha mwisho

Mwaka 1877 Darwin, mwenye miaka 68, alisafiri hadi Stonehenge, aone namna mawe makubwa ya zamani yanavyozama kwa kazi ya minyoo. Mwezi wa Oktoba 1881 kitabu chake juu ya minyoo kikatoka. Alihesabu kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza udongo mkavu unaopita ndani ya miili yao unazidi tani 25 kwa hektari kila mwaka. Watu walikinunua kwa maelfu. Lakini mwandishi alikuwa amekwisha kuchoka. Alikufa tarehe 19 Aprili 1882, akiwa na miaka 73. Alizikwa ndani ya kanisa kubwa la Westminster, London.

Baada yake kazi iliendelea. Mwaka 1905 Mwitaliano Antonio Berlese alitengeneza faneli ya kukamata wanyama wa udongo: udongo unawekwa juu, joto linaukausha, wadudu wanakimbia chini na kuanguka ndani ya chupa. Hata kwetu Kongo, INEAC, shirika la kilimo lililokuwa na kituo chake kikubwa Yangambi, lilitoa mwaka 1961 kitabu cha Maldague juu ya uhusiano wa mimea inayofunika udongo na wanyama wake wadogo.

Na sisi?

Kila salongo tunafagia majani yote ya kiwanja, tunayawasha moto, kiisha tunalalamika kwamba bustani ya masomo haizai. Tumechoma chakula cha wafanyakazi wetu! Ninapendekeza jaribio moja. Tuchague kipande kidogo chini ya migomba, tukifunike kwa majani, kingine tukiache kitupu na kufagiwa kama kawaida. Baada ya mvua za mwaka mmoja tuchimbe pande zote mbili mpaka kina kilekile, tuhesabu minyoo na kuandika katika daftari. Darwin alingoja miaka 29 akiwa mgonjwa. Sisi wazima tutashindwa kungoja mmoja?