Mwalimu Nyerere: Aliyeacha kazi nne kwa ajili ya dhamira

Na Mwandishi Wetu

WATANZANIA wengi wanamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kuwa ni rais aliyeng'atuka kwa hiari mwaka 1985. Hata neno hilo la kung'atuka alilitoa katika lugha yake ya Kizanaki. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kushika urais alikuwa amekwisha kuacha kazi nne, kila mara kwa sababu kazi aliyopewa na jambo aliloliamini havikuweza kukaa pamoja.

Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922 Butiama, si mbali na mwambao wa mashariki wa Ziwa Victoria, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Alikuwa na umri wa miaka 12 alipoanza masomo Mwisenge, mjini Musoma, umbali wa maili 26 kutoka nyumbani kwao. Kutoka hapo alikwenda shule ya serikali Tabora, kisha Makerere, Uganda.

Mwaka 1946 alirejea Tabora kuwa mwalimu katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria. Akiwa huko alikubali pia kazi ndogo ya serikali ya ukaguzi wa bei madukani. Alizunguka, akaandika taarifa za wafanyabiashara waliowapunja wananchi, na taarifa hizo hazikushughulikiwa. Alipoona kuwa ukaguzi wake haumlindi mnunuzi yeyote, aliiacha kazi hiyo. Ilikuwa ya kwanza.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuiacha. Baada ya kupata shahada Edinburgh mwaka 1952, alifunga ndoa na Maria Waningu Januari 1953 na kufundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha TAA, ambacho Julai 7, 1954 kilizaa TANU.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na siasa. Nyerere hakuwa mtumishi wa serikali, lakini shule ya misheni nayo haikuweza kumvumilia kwa muda mrefu mwalimu aliyekuwa kiongozi wa chama. Machi 1955 alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, na Machi 22 aliwasilisha barua ya kujiuzulu.

Ualimu aliupenda, na ndiyo maana jina la Mwalimu lilimfuata hadi kaburini. Hakuwa na akiba wala kazi nyingine, na alikuwa na mke na watoto wadogo wa kulisha. Aliirudisha familia Butiama, akakaa huko miezi kadhaa akimfundisha Kizanaki padri mmoja wa Maryknoll. Waliporejea Dar es Salaam, Mama Maria aliuza mafuta ya taa ili nyumba iendelee. Wakati huo Kanda ya Ziwa, nyumbani kwake mwenyewe, serikali ilikataa kuyasajili matawi ya TANU hadi mwaka 1958, mwaka ambao wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza kulipinga baraza la wilaya walilobandikwa.

Mwaka 1957 Gavana Edward Twining alimteua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Kiti hicho kilikuwa na heshima na posho. Baada ya miezi michache, alipoona mapendekezo yake yote yanakataliwa na kwamba kuwapo kwake kunaipamba serikali tu, alijiuzulu Desemba mwaka huo.

Ya nne iliwashangaza hata wenzake. Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, aliacha Uwaziri Mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, akarudi vijijini kukijenga chama kilichoanza kujitenga na wananchi. Desemba mwaka huo aliingia Ikulu akiwa Rais wa Jamhuri.

Katika kiti hicho dhamira yake ilipata mtihani wa aina nyingine. Mtu aliyewahi kushtakiwa na wakoloni mwaka 1958 kwa maandishi yake, akatozwa faini, sasa alikuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyomruhusu kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Aliitumia, na hakuifuta hadi alipoondoka. Mwaka 1976 serikali yake ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kikiwamo cha Nyanza mjini Mwanza, ambacho chimbuko lake ni wakulima wa pamba waliokuwa nguzo ya harakati za Uhuru. Baadaye alikiri kuwa uamuzi huo ulikuwa kosa.

Hata hivyo, kipimo alichojiwekea hakukiacha. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Oktoba mwaka huo alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya maili 130, kwenda kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU na kuliunga mkono Azimio hilo. Miaka kumi baadaye, watuhumiwa walipofia mikononi mwa vyombo vya dola mikoani Mwanza na Shinyanga, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977 ingawa hakuhusika mwenyewe na mateso hayo. Nyerere alikubali kujiuzulu huko. Mwinyi ndiye aliyekuja kumrithi mwaka 1985.

Nyerere alifariki dunia London Oktoba 14, 1999 na kuzikwa Butiama. Kwa anayerauka kila siku kwenda katika kazi inayoisumbua nafsi yake, maisha hayo hayana jibu jepesi. Yanaonyesha kwamba kuondoka kuna gharama, na kwamba mara nyingi gharama hiyo hulipwa na familia nzima. Yanaonyesha pia kwamba ni rahisi zaidi kuiacha kazi ambayo mwingine ameiwekea masharti kuliko kuyaacha mamlaka ambayo masharti yake umeyaandika mwenyewe.