Haffkine: aliyejidunga chanjo ya kipindupindu kabla ya kumdunga mwingine

Julai 18, 1892, jijini Paris, mwanasayansi wa miaka 32 alijidunga sindano yenye vimelea vya kipindupindu alivyovidhoofisha mwenyewe. Akapata homa, kisha akapona.

Jina lake ni Waldemar Haffkine. Alizaliwa 1860 Odessa, wakati huo ikiwa chini ya Urusi, leo ni Ukraine. Alikuwa Myahudi, na kwa kuwa alikataa kubadili dini, kazi ya chuo kikuu akaikosa. Alipofika Taasisi ya Pasteur huko Paris, nafasi aliyopata ilikuwa ya msaidizi wa maktaba.

Lakini kupona kwake hakukuthibitisha kitu. Mtu asipougua, utajuaje kama ni chanjo au ni bahati tu?

Jibu alilifuata India mwaka 1893. Machi 1894 kipindupindu kikazuka Kattal Bagan, mtaa wa maskini jijini Calcutta, ambako wakazi walitegemea mabwawa ya maji. Kati ya watu kama 200, walichanjwa 116. Baada ya hapo wakaugua watu 10, na 7 wakafa. Wote 10 walikuwa hawajachanjwa.

Haffkine hakulinganisha mtaa wa matajiri na wa maskini. Alilinganisha watu wa nyumba moja, wanaokunywa maji yale yale: aliyechanjwa na asiyechanjwa. Hapo ndipo hesabu inapata maana. Hata hivyo, ilibaki kasoro moja: anayejitokeza kuchanjwa huenda ndiye pia anayechemsha maji. Watafiti wa leo hulazimika kulipigia hesabu jambo hilo.

Baadaye akatengeneza chanjo ya tauni, nayo akajidunga mwenyewe kwanza. Mwaka 1902, katika kijiji cha Mulkowal, Punjab, watu 19 waliochanjwa walikufa kwa pepopunda. Lawama zote zikamwangukia, akasimamishwa kazi. Ushahidi ulionyesha kuwa chupa moja tu ndiyo iliyochafuliwa, lakini alisubiri hadi 1907 kusafishwa jina. Alifariki 1930 huko Lausanne, Uswisi.

Sindano yake ya kipindupindu haitumiki tena. Siku hizi chanjo inanywewa. Ila swali ni lile lile, na mwaka 2009 liliulizwa hapa kwetu Zanzibar. Maelfu ya wakazi wa shehia za Unguja na Pemba zinazosumbuliwa na ugonjwa huo walipewa dozi mbili. Mlipuko ulipokuja, watafiti wakawalinganisha na majirani zao ambao hawakunywa. Kinga ilikuwa takriban asilimia 79.

Asilimia 79 si 100. Kwa hiyo hata ukishakunywa chanjo, maji chemsha na mikono nawa. Lakini namba hiyo imepatikana kwa njia ile ile ya Kattal Bagan: kuhesabu majirani, nyumba kwa nyumba.